Ukiulizwa "uko poa?" usijibu "poa": maswali yenu kuhusu fidia ya VA

Toleo lililopita niligusia tu kidogo habari ya wenzetu waliotumikia jeshi la Marekani wakatoka wameumia, na fidia wanayoweza kudai VA, ile idara ya Marekani ya maveterani, yaani waliowahi kuwa jeshini, nikadhani nimemaliza, kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimeingia mpaka mhariri akanipigia kuuliza nimeandika nini. Wengi wenu mliingia jeshini kama mimi, kwa grini kadi ya bahati nasibu, wengine kupitia ule mpango wa MAVNI ulioanza 2009 wa kuchukua wageni wenye lugha na ujuzi fulani, mmevaa buti miaka minne, sita, mmetoka, na leo goti linalia kila mkipanda ngazi lakini fomu hamjajaza. Mimi nilikuwa fundi wa magari, nimelala chini ya malori ya jeshi miaka sita, mgongo wangu ni shahidi. Mimi siyo wakili. Ninachojua nimekijua kwa kukosea kwanza. Barua nimezifupisha na majina nimeyaacha kando.

"Anko habari. Niko Texas, nimetoka jeshini miaka miwili sasa. Nataka kujaza klemu, dai la fidia, kwa intaneti lakini hata kuingia siwezi. Inataka picha ya leseni, nikapiga, ikasema haionekani, nikapiga tena, ikataka selfi, halafu namba ya simu ikasema haiwezi kuthibitisha kwamba ni yangu. Simu ni yangu jamani, si nimeishika mkononi! Mara ya nne ikanifungia. Leseni yangu ina majina mawili, kadi ya Social Security, ile yenye namba ya utambulisho, ina matatu. Nimechoka, nimeacha, huu mwezi wa tatu." (Aliyefungiwa nje, Fort Worth)

Mdogo wangu, kinachoniuma mimi siyo hiyo selfi, ni hiyo miezi mitatu. VA wakikukubalia, malipo yanahesabiwa kuanzia siku ulipodai, siyo siku ulipoumia, na kwa mtu ambaye ameshapitisha mwaka tangu atoke jeshini hakuna wa kumrudishia nyuma. Kwa viwango vya 2025 mtu mmoja asiye na familia aliyepimwa na VA kuwa na asilimia 70 ya ulemavu alikuwa anapata dola 1,759.19 kwa mwezi, haikatwi kodi. Zidisha mara tatu uone selfi imekula kiasi gani.

Kwa hiyo kabla hujagombana tena na hiyo kompyuta, kesho asubuhi piga simu ya VA, 1-800-827-1000, mwambie anayepokea kwamba unataka kuweka nia ya kudai fidia, kwa Kiingereza wanaiita Intent to File, fomu yake ni 21-0966 lakini kwa simu hujazi kitu. Muulize imeingia tarehe ngapi, iandike. Kuanzia hapo una mwaka mzima wa kukusanya makaratasi yako, na ukidai ndani ya huo mwaka ukakubaliwa, wanahesabu kuanzia siku ya ile simu. Dakika ishirini za kusikiliza muziki wa kusubiria, basi.

Sasa hiyo namba ya simu. Nabahatisha: uko kwenye kifurushi cha familia na bili inakuja kwa jina la binamu? Wengi wetu tuko hivyo, ni nafuu. Mashine haiangalii mkono ulioshika simu, inaangalia laini imesajiliwa kwa nani. Na majina, haya majina yetu ya baba na babu, yanatutesa kweli, leseni ina mawili, DD214, ile karatasi ya kutoka jeshini, ina matatu, cheti cha uraia kina mpangilio wake. Nenda ofisi ya Social Security na cheti cha uraia au pasipoti majina yalingane, kisha leseni ifuate. Kuingia kwenye tovuti ya VA siku hizi ni kwa Login.gov au ID.me, huduma mbili za kuthibitisha wewe ni nani, zile njia za zamani ziliondolewa 2025 kwa hiyo paswedi uliyokuwa nayo jeshini isahau. Ukitumia ID.me na mashine ikakukataa, tafuta sehemu ya kuongea na mtu kwa video, uwe na vitambulisho vyako halisi mkononi. Ukitumia Login.gov kuna njia ya kupeleka kitambulisho posta. Usifungue akaunti ya pili na ya tatu, utajifunga zaidi. Selfi yangu mimi ilikataa mara tano, binti yangu akapita akaniangalia akasema, "Baba vua kofia, geuka uangalie dirisha." Ikapita.

Na intaneti siyo mlango pekee. Fomu ya madai, 21-526EZ, unaweza kuijaza kwa kalamu ukaituma Janesville, Wisconsin, ambako VA wanapokelea makaratasi, tuma kwa rejista utunze risiti. Au ukae na afisa wa maveterani wa kaunti yako, au watu wa vyama vya maveterani kama DAV, American Legion, VFW, unasaini fomu 21-22 wanakuwakilisha bure kabisa, na wao wana njia yao ya kuingiza madai bila kukusubiri wewe upigane na selfi.

"Shikamoo Anko. Mimi ni Mtanzania, niko Minnesota. Nilidai goti la kulia na mgongo. Nikaitwa kupimwa kwenye kampuni inayopimia VA, nimeendesha saa moja na nusu, kupimwa kwenyewe robo saa. Majibu, goti asilimia 0, mgongo umekataliwa. Nimesoma ripoti, daktari kaandika hana maumivu akikunja goti, anatembea kawaida. Anko siku ile nilimeza vidonge viwili ili niweze kuendesha! Niachane nao?" (Goti Bovu)

Marahaba. Nikuulize kitu na unijibu ukweli, daktari alipoingia akakwambia "habari yako leo," wewe ulimjibu nini?

Ulisema nzuri. Najua ulisema nzuri kwa sababu na mimi nilisema nzuri. Sisi ndivyo tulivyolelewa, mtu yuko kitandani hajala siku mbili, ukimuuliza hujambo anajibu sijambo, habari nzuri, watoto wazima, halafu baada ya hapo ndiyo inakuja "ila tu hii homa..." Mswahili mwenzako anajua kusubiri hiyo ila. Yule daktari hasubiri, ana watu wengine wanane mchana huo, akisikia nzuri ameshaandika nzuri. Kisha wewe ni askari, umefundishwa miaka yote kutolalamika, na kabla ya jeshi mama yako alikwambia ujikaze kisabuni. Umeingia mle chumbani na ngao mbili, ya nyumbani na ya kambini, ukajikinga na fidia yako mwenyewe.

Angalia goti linavyopimwa. Amekulaza, akachukua kile kirula chenye mikono miwili cha kupimia pembe, akakunja mguu. Goti likiishia nyuzi 60, kwenye jedwali lao ni 0. Likiishia nyuzi 45 ni asilimia 10, nyuzi 30 ni 20. Magoti yetu mengi yanakunjika kupita hapo hata yakiwa yameharibika, kwa hiyo ukitegemea pembe peke yake unaondoka na sifuri. Lakini kuna kanuni nyingine, kiungo kinachouma kikisogezwa kinastahili angalau kile kiwango cha chini cha kulipwa, na kwa goti hicho ni 10, hata kama kinakunjika vizuri. Hiyo 10 ilikuwa dola 175.51 kwa mwezi kwa viwango vya 2025. Wewe ulivyokunjwa mguu ukauma meno ukanyamaza, kaandika hauumi. Angejua vipi? Pale unatakiwa useme "hapa panauma, simama," na umwambie umemeza dawa ngapi asubuhi, na siku mbaya zinakuwaje, ile wiki unayoshindwa kuvaa soksi. Akisahau kuuliza siku mbaya wewe sema. Sikwambii uigize. Ukiingia unachechemea halafu ukaonekana maegeshoni unarukia gari, nalo linaandikwa.

Sasa usiachane nao. Kwanza hiyo 0 siyo kukataliwa, watu wengi hawaelewi hili wanachana barua. Maana yake wamekubali goti limeharibikia jeshini, wamekataa tu kulilipa kwa sasa. Utatibiwa hilo goti VA, na likizidi unaomba kuongezewa bila kuanza upya kuthibitisha lilikotoka. Mgongo ndiyo umekataliwa, kwa hiyo fungua barua usome kwa nini. Dai lolote la VA ni chungu juu ya mafiga matatu: ugonjwa ulionao leo uliopimwa na daktari, kitu kilichotokea jeshini, na kinachounganisha hivyo viwili. Barua itakwambia figa gani limekosekana. Mara nyingi ni la tatu, la kuunganisha. Hapo unahitaji daktari asome faili lako la jeshini na aandike kwamba uwezekano wa mgongo kutokana na utumishi ni angalau nusu kwa nusu. Siyo lazima awe na uhakika wote, nusu kwa nusu inatosha, lakini akiandika "inawezekana" tu umepoteza hela yako ya daktari.

Una mwaka mmoja kuanzia tarehe ya barua. Tangu utaratibu wa rufaa ubadilike Februari 2019 njia ni tatu. Kuna dai la nyongeza, fomu 20-0995, unaleta ushahidi mpya. Kuna kuomba afisa wa juu apitie upya, 20-0996, huko huruhusiwi kuongeza hata karatasi moja, inafaa pale makosa yao yanapoonekana kwenye faili lenyewe. Na kuna Bodi ya Rufaa, 10182, huko weka subira. Wewe ningekuelekeza nyongeza: barua ya daktari, na mkeo ajaze fomu ya shahidi, 21-10210, aeleze anachokiona. Usimwandikie wewe maneno makubwa makubwa. Aseme kile anachokiona kila siku, kwamba unashuka ngazi kinyumenyume umeshika ukuta, kwamba mtoto akitaka kubebwa unakaa chini kwanza. Kama Kiingereza kinampa shida aandike Kiswahili, itafsiriwe, mfasiri aweke jina na saini yake.

"Nilitoka 2011, nimechelewa?" (Houston)

Hujachelewa. Kudai hakuna mwisho. Ila malipo ni kuanzia unapodai, rudi juu kwenye barua ya kwanza usome ile namba ya simu. Na kama una mdogo wako ambaye bado yuko jeshini, mwambie adai kuanzia siku 180 hadi 90 kabla hajatoka, makaratasi yote ya hospitali ya kambini yakiwa bado yako karibu naye, asifanye kama sisi.

"Nina 50 na nina 30, mbona wananionyesha 70 na siyo 80? Wameniibia?" (Mhasibu, Atlanta)

Hawajakuibia, ni hesabu yao tu, na wewe mhasibu itakukera. Wanasema mtu mzima ni 100, wakitoa 50 umebaki nusu mtu, ile 30 wanaikata kwenye hiyo nusu iliyobaki, inatoka 15. Jumla 65, wanasogeza mpaka 70. Ndiyo maana kufika 100 ni kama kukimbiza kivuli chako, na ndiyo maana ule mlio wa masikio ambao kila mtu anaudai na haupandi zaidi ya 10 kwa wengine unaongeza na kwa wengine hausogezi kitu.

"Anko sasa? Nilirudi nyumbani Kenya, niko Uasin Gishu na ng'ombe wangu. Nilikuwa Djibouti, Camp Lemonnier, 2010, tangu hapo pua na kifua havijapona. Nilifungua klemu nikiwa bado Maryland. Sasa zile namba za siri (code) za kuingia kwenye akaunti zinaenda kwa ile namba ya Marekani niliyoacha kuilipia, na barua ya kuitwa kupimwa ilienda kwa shemeji, akaiweka juu ya friji. Nimekuja kujua imekataliwa. Watu wananiambia ukishahama ni basi." (Mfugaji)

Shemeji! Nimesoma hiyo ya friji nikacheka halafu nikanyamaza, kwa sababu friji za mashemeji zimekataa madai mengi kuliko madaktari.

Waliokwambia ni basi wamekudanganya. Fidia ya ulemavu wa jeshini inakufuata popote unapoishi. Madai ya walio nje, kwa upande wetu wa dunia, yanashughulikiwa na ofisi ya Pittsburgh, na kupimwa kunapangwa huko huko nje, si lazima ukate tiketi. Kitu cha kwanza badilisha anwani, iwe yako siyo ya mtu. Pili leta dai la nyongeza na ueleze kwa maneno yako kwamba barua hukuipata na kwa nini, wana kanuni ya sababu ya msingi kwa mtu aliyekosa kupimwa, lakini hawatakuotea, lazima useme. Usiandike kwamba ulikuwa bize.

Halafu wewe una bahati ambayo naona huijui. Tarehe 10 Agosti 2022 ilisainiwa sheria ya PACT, kwa ajili ya waliovuta moshi wa yale mashimo ya kuchomea taka na vumbi la jangwani. Djibouti imo, kwa waliokuwa huko tangu 11 Septemba 2001. Somalia imo tangu 2 Agosti 1990, Oman na Imarati pia. Kama ulikuwa sehemu hizo na una pumu iliyogundulika baada ya kutoka, au sainasi sugu, au mafua sugu yale ya pua kuziba mwaka mzima, figa la tatu wamekuwekea wao. Huhitaji daktari wa kuunganisha. Unahitaji kupimwa iandikwe una nini, na karatasi ya kuonyesha ulikuwa Lemonnier. Daktari wa Eldoret anatosha kwa hilo la kwanza, aandike jina la ugonjwa, siyo "anaumwa kifua," na ripoti za hospitali zenu ziko Kiingereza tayari, huna gharama ya tafsiri. Ila Kenya yenyewe haimo kwenye orodha ya hiyo sheria, kwa hiyo aliyekaa kambi ya Manda Bay tu anapanga mafiga yote matatu mwenyewe.

Kuhusu hizo code za simu, ukifanikiwa kuingia hata mara moja, badilisha utumie ile programu ya simu inayotengeneza namba zake yenyewe, haijali laini. Ukishindwa kabisa fanya kwa mwakilishi na kwa karatasi. Akaunti ya benki ya Marekani kama bado unayo usiifunge. Na ukikubaliwa jiandikishe kwenye mpango wa VA wa matibabu ya nje, wanauita FMP, unalipa hospitali mwenyewe kwanza kisha wanakurudishia, kwa ugonjwa ule uliokubaliwa tu. Risiti iandike ugonjwa. Risiti ya duka la dawa iliyoandikwa "dawa, shilingi 3,400" haitakusaidia.

"Kuna jamaa kwenye grupu letu la WhatsApp la kanisa anasema anawapatia watu asilimia 100. Anataka nimpe paswedi yangu ya VA, na nikipandishwa nimlipe nyongeza ya miezi mitano. Amesaidia wengi. Nimwamini?" (Muumini)

Hapana. Na wala usimtukane kwenye grupu, toka tu taratibu.

Kisheria hakuna mtu anayeruhusiwa kukulipisha kwa kukuandalia dai la mara ya kwanza. Hakuna. Wakili au wakala aliyesajiliwa na VA anaweza kulipwa baada ya uamuzi wa kwanza kutoka, mkienda kupinga, na hapo asilimia 20 ya malimbikizo ndiyo inayohesabika kuwa haki, ikipita theluthi moja inahesabika ni wizi mpaka athibitishe vingine. Jina lake utalikuta kwenye orodha ya waliosajiliwa kwa mwanasheria mkuu wa VA, ipo kwenye tovuti yao, andika jina lake kamili pale. Akianza kukueleza kwamba yeye ni "kocha" siyo wakala ndiyo maana hayumo, jibu umeshalipata.

Paswedi ndiyo mbaya zaidi. Aliye nayo anaweza kubadilisha akaunti ya benki hela inakoingia, na wewe utakuwa unasubiri tarehe mosi kama mjinga. Halafu akikuandikia magonjwa usiyo nayo ili ufike 100, fomu ina saini yako, yake haipo. Mkibanwa atakuwa amebadilisha namba.

"Nimepewa 70. Mke na watoto wawili wako Moshi, bado tunangoja viza. Cheti cha ndoa kiko Kiswahili. Na mama namtumia kila mwezi. Naweza kuwaweka?" (Baba Wawili, Ohio)

Unaweza, na fanya haraka. Kuanzia asilimia 30 unaongezewa kwa mke na watoto hata wakiwa Moshi, fomu ni 21-686c. Ukiwaweka ndani ya mwaka mmoja tangu barua ya asilimia, wanakulipa kuanzia tarehe ile ile ya 70 yako, ukizembea mwaka ukapita wanaanza ulipowaandika. Cheti kipigwe picha safi, siyo kile kilicholaminishwa kinachong'aa taa katikati ya jina, na kitafsiriwe. Namba za Social Security hawana, basi eleza hawajawahi kupewa, kanuni haikulazimishi namba isiyokuwepo. Majina ya watoto yafanane na vyeti vyao vya kuzaliwa vya RITA herufi kwa herufi, kama mmoja ni Rehema usimwandike Rehma.

Mama naye inawezekana, fomu yake ni nyingine, 21P-509, ila kwa mzazi anayeishi nje ya Marekani hakuna njia ya mkato, unathibitisha kwamba kipato chake hakimtoshi na wewe ndiye unayemshikilia. Risiti za kutuma pesa usifute. Zile meseji za "nimepokea mwanangu, Mungu akubariki" nazo zipige picha.

"Anko, mimi naandika mume wangu hajui. Alikuwa Afghanistan mara mbili. Usiku halali. Tukienda harambee anatafuta kiti cha ukutani kinachotazama mlango, tarehe 4 Julai fataki zikianza tunafunga madirisha tunakaa bafuni. Nimemwambia adai, anasema yeye si mlemavu, walemavu ni wale wa magurudumu, na eti atakuwa anakula jasho la wenzake waliokatika miguu. Nilitaka nimjazie mwenyewe lakini paswedi sina." (Mama Zawadi, Maryland)

Dada yangu, pole. Na pole na yeye.

Usimjazie kwa siri. Saini inatakiwa iwe yake, na mtu aliyetoka vitani akijua umeingia kwenye akaunti yake usiku, utapoteza zaidi ya klemu. Neno ndilo linalomkwaza. Kwetu ukisema mlemavu mtu anaona kigari cha magurudumu matatu pale stendi, nani anataka kuwa yule. Mwambie ni fidia, kama ya kiwandani, mtu akikatwa kidole na mashine analipwa kidole, hakuna anayemwita mwizi. Na hakuna kapu moja ambalo yeye akichukua mwenye mguu uliokatika anakosa. Nilimwambia hivyo hivyo rafiki yangu mmoja kwa miaka miwili, alikubali siku nilipoacha kubishana nikamuuliza tu, "Wakikupa hutaki, si utampa mamako?"

Wewe una kazi yako kwenye faili lake, na ni kubwa. Hayo uliyoniandikia, kiti cha ukutani, bafuni tarehe 4 Julai, ndiyo ushahidi wenyewe, yaweke kwenye 21-10210 hivyo hivyo ulivyoniandikia mimi, na mwaka yalipoanza. Yeye mwenyewe akienda kupimwa hatayasema, atasema analala vizuri. Fomu ya kueleza yaliyomkuta huko ni 21-0781, asiijaze peke yake usiku, aijaze mchana na mtu wa DAV au wa kaunti, na kama hawezi kuandika yote aandike kidogo aache.

Kabla ya fomu zote hizo tafuta Vet Center iliyo karibu nanyi, siyo hospitali, ni ofisi ndogo za ushauri kwa waliokwenda vitani na familia zao, bure, na wala halazimiki kuwa na asilimia yoyote. Wewe pia unaruhusiwa kwenda. Na usiku ukiwa mgumu kweli, piga 988 kisha bonyeza 1, mchana na usiku kuna mtu, hata wewe mke unaweza kupiga.

Kisha siku moja akiwa ametulia, ameshakula, mpe simu. Namba niliitoa juu. Hahitaji kueleza vita, ni jina lake, namba yake ya Social Security, na kwamba anataka kuweka nia ya kudai. Asipotaka siku hiyo mwache, jaribu wiki ijayo. Akishapiga niandikie tarehe.